Udongo ya Leta, udongo ya batoto

Wenzangu wa chama, ninyi mliomaliza na ninyi ambao bado muko kwenye viti vya oditwari,

Tangu Raisi aliposema kule Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, ya kwamba katiba yetu iliandikwa na wageni katika inchi ya kigeni na kwamba inafaa kuitazama upya, hapa Ngezi hakuna kilio, hakuna arusi, hakuna chupa ya Jumapili ambako mabishano hayo hayajafika. Na kuna jambo moja linanishangaza. Pande zote mbili wanaapa kwa jina la mtu mmoja. Anayetaka katiba mpya anasema: turudi kwa Lumumba. Asiyetaka naye anasema: Lumumba hangekubali. Ukiuliza Lumumba alisema nini hasa, kwa neno gani, siku gani, kunakuwa kimya kidogo, kisha mtu anaagiza ingine.

Mimi si mwanasheria. Nilisoma agronomia, nikapata lisansi yangu, na kazi yangu ni kuzunguka na bakulima. Lakini Lumumba alisema juu ya udongo, na udongo njo kazi yangu. Kwa hiyo nimechukua maneno yake mawili ya tarehe 30 Juni 1960, nikayaweka pembeni ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ile tunayoishi ndani yake hata kama hatujawahi kuifungua. Nimesoma maandiko yote mawili kama vile mtu anavyosoma vitabu viwili ili ajue kama kimoja ni mtoto wa kingine. Ninawaambia mapema: sura hazifanani.

Hotuba ile wote tunaijua kwa sauti, kwa sababu redio inaicheza kila mwaka. Mfalme Baudouin alikuwa ametangulia, akasifu kazi ya Léopold II. Lumumba, ambaye hakuwa kwenye programu ya siku ile, akasimama na kuhesabu mateso ya miaka themanini. Katika hesabu hiyo alisema ya kwamba udongo wetu ulinyanganywa kwa jina la maandiko yaliyoitwa sheria, na maandiko hayo yalikuwa yanatambua tu haki ya mwenye nguvu. Mbele kidogo, alipofika kwenye ahadi, akasema serikali mpya itaangalia ili udongo wa inchi uwafaidie watoto wake kwa kweli. Ni hayo tu juu ya udongo. Maneno mawili mafupi.

Lakini ukiyaweka pamoja, unapata kanuni moja yenye uzito. Ya kwanza inasema: karatasi inaweza kuwa wizi. Haitoshi jambo liandikwe na kupigwa muhuri ili liwe haki. Ya pili inasema udongo uko kwa ajili ya nani: watoto. Hakusema serikali. Hakusema chama. Hakusema hata taifa, neno ambalo siku ile lilikuwa kwenye kila mdomo.

Sasa tufungue sheria ya 1973. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, mali isiyouzwa na isiyopotea hata muda upite namna gani. Hapo tayari mtoto ametoka kwenye sentensi. Ameingia baba mkubwa.

Niwe mwenye haki. Wazo hilo halikuzaliwa vibaya. Tarehe 7 Juni 1966 ilipotoka ile sheria tunayoiita Bakajika, kwa jina la mbunge aliyeileta, shida ilikuwa ya kweli kabisa. Inchi ilikuwa huru miaka sita, lakini haki ya kugawa udongo na vilivyo chini yake katika sehemu kubwa za Kongo ilikuwa imepewa makampuni na komite za wakoloni, Katanga kulikuwa na yake, Kivu kulikuwa na yake. Uhuru gani huo, bendera yako na udongo wa mwingine? Bakajika ikasema: virudi kwa Leta. Kama ningekuwa kijana wa mwaka ule ningepiga mikono pia. Kosa ninaloliona mimi halikuwa kuuondoa udongo mikononi mwa makampuni. Ni pale ulipoishia. Uliondoka kwa kampuni, ukaingia kwa Leta, na Leta ikafunga mlango. Safari ya mwisho, ile ya kufika kwa watoto, haikufanyika.

Na hapa kuna jambo ambalo nilisoma mara tatu ili nihakikishe macho yangu hayanidanganyi. Mwaka 1885, mwaka ule ambao Léopold alijitengenezea dola yake, ilitoka ordonansi ya tarehe 1 Julai. Ilisema udongo usio na mwenyewe ni wa Leta, na wenyeji wasinyanganywe ule wanaoukaa. Amri ya tarehe 3 Juni 1906 ikaeleza udongo wa wenyeji ni upi: ule wanaoukaa, wanaoulima, wanaoutumia kwa namna fulani kufuata desturi yao. Tunajua walivyofanya kwa matendo, damu ya mpira inatosha. Lakini kwenye karatasi, yule Léopold aliacha kipande kidogo nje ya mkono wake.

Nenda sasa kwenye kifungu cha 388 cha sheria yetu, sheria ya watu huru. Kinaeleza udongo wa jamii za vijijini karibu kwa maneno yale yale: ule wanaoukaa, wanaoulima, wanaoutumia kwa namna yoyote kufuata desturi. Lakini kifungu cha 387, kilicho juu yake, kinasema udongo huo umekuwa mali ya Leta. Na cha 389 kinaongeza ya kwamba haki za kutumia udongo huo zitapangwa na ordonansi ya Raisi wa Jamhuri. Kwa maneno mengine, mkoloni alisema kwenye karatasi: kisicho na mwenyewe ni changu. Sisi tukaandika: hata chenye mwenyewe ni changu, na mwenyewe atangoje barua.

Barua haikuja. Mwaka 2023 sheria ile ilifikisha miaka 50, na ordonansi ya kifungu cha 389 ilikuwa bado haijaandikwa. Maraisi walipita, vita vikapita, Zaire ikawa Kongo tena, na mkulima wa Djugu, wa Irumu, wa Mahagi akabaki juu ya udongo ambao sheria inakubali kwamba anautumia lakini haisemi kwa haki gani.

Nifungue mabano kidogo juu ya neno Leta. Munajua linatoka kwenye Kifaransa, lakini bankambo walilichukua zamani sana na kulifanya la kwetu. Babu yangu alikuwa akisema «barabara ya Leta» kwa barabara waliyoilima kwa kiboko wakati wa Wabelgiji. Mimi nikasoma shule ya Leta. Jirani yangu analipa kodi ya Leta. Ni neno lile lile, halikubadilika tarehe 30 Juni wala tarehe 1 Julai. Bendera ilibadilika, wimbo ukabadilika, jina la inchi likabadilika mara kadhaa, lakini kwenye mdomo wa mwanakijiji yule anayekuja na karatasi bado anaitwa Leta. (Na watu wa hapa wanapenda kucheka: anaitwa hivyo kwa sababu akifika neno lake la kwanza ni «leta!») Wasomi tunafikiri mwanakijiji hajui kutofautisha. Mimi siku hizi ninafikiri anajua vizuri kutushinda. Ameangalia kifungu cha 53 kwa namna kinavyomfikia, akaona ni mtu yule yule.

Turudi kwenye lile neno la 1885: udongo usio na mwenyewe. Hapa niruhusuni niseme kama agronomu, maana wanasheria wanalipita haraka.

Shamba haliko kama nyumba. Nyumba ikiwa tupu miaka mitano, unaweza kusema mwenyewe aliiacha. Shamba likiwa tupu miaka mitano, mara nyingi ni kwa sababu mwenyewe analitunza. Bakulima wetu wanalima maharagi na mahindi, kisha muhogo, misimu miwili, mitatu, halafu udongo unachoka na wanaulaza. Majani yanarudi, mizizi inafanya kazi yake, mboji inajengwa. Kwa mkulima asiye na mbolea ya kununua, shamba linalolala ni benki yake. Na mfugaji ni vivyo hivyo: malisho ya kiangazi yanakuwa bila ng'ombe hata mmoja wakati wa mvua, kwa makusudi. Na Bambuti wa kule Mambasa, ambao hawalimi sana, pori lao lote lingeonekana halina mtu kwa yule anayetafuta jembe. Sasa tuma mtu wa ofisi apite na kalamu. Ataona nyasi. Ataandika: hakuna mtu. Yeye haongopi, ameandika alichokiona. Uongo uko ndani ya swali aliloulizwa.

Na swali hilo bado liko. Sheria ya 1973 inadai uchunguzi kabla ya kutoa konsesyo ya udongo wa vijijini: mipaka ionekane, tangazo libandikwe, wenye malalamiko wasikilizwe, hata wale wanaosema kwa mdomo tu. Kwenye karatasi ni kizuri, ninakisifu. Lakini kwenye ofisi zetu watu wanauita mpaka leo uchunguzi wa kutafuta kama udongo hauna mwenyewe. Neno la Léopold limekaa kwenye kabati miaka 140 bila kuliwa na mchwa.

Ituri inajua bei yake. Wazungu walichukua miinuko mizuri ya Djugu kwa ng'ombe na kahawa. Tarehe 30 Novemba 1973, miezi minne baada ya sheria ya ardhi, Mobutu akatangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Zikapewa, lakini kwa nani? Kwa wale waliokuwa na shule, na jamaa Kinshasa, na njia ya kufika ofisini. Wale waliokuwa wakilima kando ya konsesyo, au ndani yake kwa uvumilivu wa mzungu, walibaki pale pale, isipokuwa sasa mwenye karatasi ni jirani. Na sheria inasema setifika ya uandikishaji ikipita miaka miwili bila kupingwa haiwezi kushambuliwa tena. Miaka miwili! Mkulima ambaye hajui kwamba shamba lake limeandikwa kwa jina la mwingine ana miaka miwili ya kupinga jambo asilolijua, katika lugha asiyoisoma, mjini asikofika.

Mwaka 1999 moto uliwaka Djugu, upande wa Walendu Pitsi, kutoka kwenye mabishano juu ya konsesyo na mipaka yake. Sitaandika hapa kabila gani ilianza, maana tunajua andiko la namna hiyo linaishia wapi, na marehemu wako kila upande, makumi ya maelfu. Vita ilikuwa na sababu nyingi, dhahabu, majeshi ya wageni, uongozi wa bunduki. Lakini mbegu ya kwanza ilikuwa karatasi. La Haye walihukumu watu wa vita hiyo: Lubanga 2012, Katanga 2014, Ntaganda 2019. Ilifaa. Kifungu cha 53 chenyewe hakikuitwa kutoa ushuhuda, na kiko huru mpaka leo.

Hapo njo ninaona lile neno la kwanza la Lumumba, la karatasi iliyoitwa sheria na kutambua haki ya mwenye nguvu. Alilisema juu ya Wabelgiji. Sisi tunalisikiliza kila mwaka kama historia ya Wabelgiji, tunapiga makofi, tunaenda kunywa.

Lakini hukumu yangu isiwe ya upande mmoja. Hotuba nayo ina udhaifu, na mtu anayetaka kuifanya sheria lazima auseme. Neno lake zuri, «watoto», halikuelezwa. Watoto wa udongo ni nani? Pale Kinshasa neno hilo ni tamu. Hapa Ituri limekata watu shingo. Kila kundi lenye silaha lililopita hapa lilijiita mtoto halisi wa udongo na mwingine wakuja. Ukichukua maneno ya Lumumba juu ya udongo peke yake, ukayapa kijana mwenye hasira, umempa panga.

Kinachomwokoa Lumumba ni hotuba yake mwenyewe. Siku ile ile, katika hotuba ile ile, aliomba watu wasahau ugomvi wa makabila unaotuchosha. Hayo mawili yanaenda pamoja. Kwake mtoto wa udongo ni Mkongomani, kwisha. Na hapa, kwa mara moja, katiba ya 2006 ni mrithi mwema, hata kama wanasema iliandikwa na wageni: inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makundi yote yaliyokuwa kwenye inchi hii wakati wa uhuru, na inampa kila mtu haki ya kwenda na kukaa popote. Tena sheria ya jamaa ya 1987 inaweka watoto wote wa marehemu, wasichana na wavulana, pamoja kwenye kundi la kwanza la warithi. Ninataja hilo kwa sababu wazee wetu wanaposema «udongo urudi kwa desturi», mara nyingi wanamaanisha watoto wenye ndevu.

Miaka michache imepita, nilikuwa kwenye mradi mmoja uliokuwa ukigawa miche ya kahawa kwa bakulima wa kuzunguka Bunia. Jina la shirika nitaliacha. Miche ilikuwa mizuri, tuliitunza wenyewe. Kwenye orodha yangu kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyekimbia Djugu wakati mauaji yalipoanza tena, mwisho wa 2017. Alikuwa akikodi chumba hapa Ngezi na kulima kipande cha kukopa nje ya mji. Nikampa miche yake 50. Niliporudi baada ya miezi miwili, shamba lilikuwa na maharagi safi, mistari imenyooka, na hakuna kahawa hata moja. Nikakasirika. Kwenye ripoti niliandika, ninaona aibu kusema, «mnufaika hakufuata mafundisho».

Nilipomuuliza, alinitazama kama vile mtu anamtazama mtoto.

«Agronomu, weye ulisoma, lakini haujajua. Mwenye udongo alinipana juu ya maharagi. Maharagi iko miezi mitatu, inatoka. Kahawa iko miaka ngapi?»

«Mitatu ndiyo unaanza kuvuna, mama.»

«Sasa nikipanda kitu ya miaka mitatu pa udongo yake, atasema nini? Atasema ninataka kukamata udongo yake. Atanifukuza leo.»

Miche alikuwa amempa mwenye shamba, kama zawadi, ili amwache msimu mwingine.

Kwetu mti ni alama. Anayepanda mti anasema: mimi niko hapa. Kwa hiyo anayekopesha shamba anakataza kahawa, anakataza kakao, anakataza hata parachichi. Na asiyeruhusiwa kupanda mti hatajenga matuta ya kuzuia mmomonyoko, hatabeba samadi, maana faida ya samadi inakuja mwaka ambao yeye hatakuwapo. Miaka mitano ya chuo nilifundishwa kwa nini udongo unachoka: asidi, mvua, kupungua kwa mboji. Hakuna siku mwalimu aliandika kwenye ubao kifungu cha 389.

Na yule mama ana udongo. Uko Djugu. Marehemu mume wake aliulima, na baba mkwe wake pia. Hana karatasi, hakuna mtu wa kijiji chake aliye nayo. Sasa hivi unaota nyasi. Siku mtu mwenye pesa akiomba konsesyo pale na mchunguzi akapita na kalamu, ataona nini? Tangazo litabandikwa, ndiyo, kwa ajili ya watu ambao wako kwenye kambi ya Kigonze au kwenye vyumba vya kukodi vya Ngezi. Malalamiko ya mdomo yatasikilizwa, ndiyo, ya midomo iliyobaki. Vita kwetu inatengeneza udongo usio na mwenyewe kila mwezi, na sheria yetu bado inauliza lile swali la 1885.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria kweli, tulibishana hayo mpaka umeme ukakatika. Anasema: ukiutoa udongo kwa Leta, mashefu watauuza wote kwa mwezi mmoja. Ninakubali kwamba mashefu wanauza. Wote tunajua parsele moja iliyouzwa kwa watu watatu, na kila mmoja ana karatasi yenye sahihi. Lakini wanauza leo, chini ya kifungu cha 53. Wanauza kwa sababu wanajua kwamba haki ya mwanakijiji haijaandikwa popote, basi anayeweka sahihi ndiye mwenyewe. Kifungu hicho hakikuwazuia, kimewapa giza la kufanyia biashara.

Tena mimi sisemi Leta iondoke. Katiba ya 2006 yenyewe ilibadilisha neno, na watu wachache waliona: kifungu cha 9 hakisemi tena kwamba udongo ni mali ya Leta, kinasema Leta ina mamlaka juu yake. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu mmoja na ya pamoja, iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Hiyo ni karibu sana na Lumumba kuliko sheria ya Mobutu. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katiba ya Uganda ya 1995 inasema udongo ni wa raia, na inahesabu umiliki wa desturi kati ya aina nne zinazotambuliwa. Kenya mwaka 2010 nao wakaandika ni wa watu wa Kenya. Kule pia watu wanafukuzwa mashambani, sina ndoto. Lakini anayefukuzwa kule anakwenda mahakamani na neno mkononi. Yule mama angekwenda na nini?

Na sisi wenyewe tumekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kupewa pori lake kama konsesyo ya jamii, mpaka hektari 50 000, bila kikomo cha muda. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wapigme, na udongo wao umo. Basi mtu anielezee: kwa nini kijiji kinaweza kutambuliwa juu ya miti na hakiwezi kutambuliwa juu ya shamba la maharagi?

Kwa wale wanaobishana juu ya katiba mpya kwa jina la Lumumba, ninaomba vitu viwili vidogo kabla ya kugusa mihula ya raisi, ambayo kila mtu anajua njo roho ya ugomvi. Kwanza, ile ordonansi ya 389, au sheria inayochukua nafasi yake, iandikwe, na ndani yake shamba linalolala lihesabiwe kuwa shamba. Pili, mahali ambako watu wamekimbia vita, uchunguzi wa konsesyo usimame mpaka warudi, na ile miaka miwili ya setifika isihesabiwe. Hilo la pili halihitaji hata katiba. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa dharura, wanajeshi wanatoa amri za kila namna, saa za kutembea, barabara za kufunga. Amri moja zaidi ingeweza kuandikwa kwa ukurasa mmoja.

Lumumba alizikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022, jino moja tu, kila kitu kingine waliyeyusha. Nilitazama kwenye simu, umeme ukiwa wa jirani. Watu walilia, na mimi pia. Kesho yake nilikuwa na orodha ya miche ya kugawa. Yule mama alikuwapo tena kwenye mstari, akachukua yake, safari hii mitano tu. Nikamuuliza atapanda wapi. Akaniambia ameipanda ya mwaka uliopita ndani ya bidon za mafuta zilizokatwa, nyuma ya chumba chake, miwili ingali hai. Kahawa ndani ya bidon haiwezi kuzaa vizuri, mizizi inazunguka na kujifunga. Hilo nilisoma. Sikumwambia.

Kama kuna mwanasheria kati yenu anayeona nimesoma vibaya kifungu cha 389, aandike, aonyeshe wapi. Nitafurahi sana kuwa nimekosea.